Kilima cha Ngoma Mbili

Enzi za enzi, wajukuu zangu, milima ilipokuwa haijapewa namba wala mito haijachorwa kwenye karatasi, nchi ya Bulomba ilikuwa na magunguli mawili. Gunguli ni eneo la mwanangwa mmoja, yaani chifu mdogo. Ninyi leo mngeliita kata. Mashariki, kwenye mbuga ya udongo mweusi, alitawala mwanangwa Lugodisha. Magharibi, kwenye mawe, alitawala mwanangwa Shilinde. Katikati kilisimama kilima cha Igumba, na huko aliishi mjane Nkwimba na wajukuu zake. Ndiye aliyemzaa bibi yangu. Wanaosema alikuwa shangazi yetu wamekosea.

Mpaka haukupimwa kwa kamba, ulipimwa kwa ngoma. Mwanangwa alipiga ngoma, kisha mzee wa mpaka akapita nyumba kwa nyumba akiuliza. Aliyekiri kwa kinywa chake kwamba ameisikia, huyo alikuwa mtu wa gunguli lile.

Msimu wa kulima ulipofika, Lugodisha akapiga. Nkwimba akakiri, akaitwa kulima shamba la mwanangwa. Shilinde naye akapiga. Nkwimba akakiri tena, maana alikuwa mkweli, akalima na huko. Shamba lake mwenyewe likaota magugu. Mnaona jinsi ukweli unavyolimisha?

Njaa ikaja. Kwa desturi, mwanangwa huwafungulia watu wake ghala. Nkwimba akashuka mashariki na kikapu.

"Mama, wewe ni wa Shilinde," Lugodisha akasema huku akitafuna. "Kilima chako kiko mbali mno."

"Mbona wakati wa kulima kilikuwa karibu, baba?"

"Siku ile upepo ulivuma kwenu."

Akashuka magharibi.

"Pole, mama," akasema Shilinde. "Ngoma yangu haifiki huko."

"Jembe lako lilifika."

"Jembe ni jembe, mama. Ghala ni ghala."

Akapanda kilima na kikapu kitupu. Masele, mjukuu wake mdogo, hakuiona mvua iliyofuata.

Mvua iliponyesha, ngoma zikalia pande zote mbili hata mbuzi wakaacha kula. Mzee wa mpaka akaja.

"Nkwimba, umesikia?"

"Sijasikia."

Akauliza kwa jirani. Hajasikia. Akauliza kilima kizima. Hakuna aliyesikia. Basi wanangwa wenyewe wakapanda, jasho likiwatoka, ngoma mabegani, wakazipiga mlangoni pake.

"Na sasa, mama?" Lugodisha akauliza.

"Ninyi nawasikia, baba zangu. Ngoma ndiyo sijaisikia."

"Unatudhihaki," Shilinde akasema.

"Mimi? Nalima tu."

Wangefanya nini? Sheria ilitaka kinywa chake, na kuivunja sheria ile kungevunja mipaka yao yote. Wakashuka na ngoma zao. Nkwimba akaendelea kulima shamba lake, na mwaka ule watoto waliobaki walishiba.

Shikeni hili, wajukuu zangu: mkubwa anayekujua wakati wa jembe na kukusahau wakati wa kikapu, mpaka wa nchi yake ni tumbo lake.

Kisa nimekitua hapa. Atakayekibeba akifikishe kizima.