Bi Nungunungu Auza Shimo Lake

Paukwa, wenzangu.

Pakawa.

Mlioko nyuma sijawasikia. Paukwa.

Pakawa.

Hapo kale, kale hasa, alikuwapo Bi Nungunungu, mjane. Binti yake aliolewa ng'ambo ya mto, na sasa alikuwa mja mzito. Akatuma salamu: "Mama, njoo kabla mto haujajaa." Bi Nungunungu akaamua kuuza shimo lake, apate viazi vya kuanzia maisha ugenini.

Akaja Pimbi. Akachungulia mlangoni, akaona mifupa imerundikana, maana nungunungu hutafuna mifupa kunoa meno. Akasema, "Bibi, hapa pananuka msiba." Akaenda zake.

Akaja Fisi, dalali wa pori lile. "Dada, mnunuzi hununua kwa macho. Tundika mkeka pale ukutani penye ufa unaovuja maji, kisha nyamaza."

Bi Nungunungu akatundika, akanyamaza.

Akaja Nguchiro. Akanusa, akanusa tena, akafunua mkeka. Ukuta umelowa. "Aliyeficha hili ameficha na jingine," akasema, akaenda zake. Njiani akamwambia kila aliyekutana naye.

Fisi akarudi akicheka. "Sasa nani atalitaka? Niachie mimi kwa boga moja."

Bi Nungunungu akatazama mawingu. Nusura akubali. Lakini akakumbuka yeye na marehemu mumewe walivyolichimba mpaka kucha zikatoka damu. Akasema, "Nipe siku tatu, kaka."

Siku ya kwanza akatoa mifupa. Mingi aliileta mumewe; Bi Nungunungu akaililia, akaizika. Siku ya pili akachimba mfereji maji yapite kando, akaziba ufa kwa udongo wa kichuguu. Siku ya tatu akafyeka majani yaliyoziba mlango, mwanga ukaingia. Akakaa akishangaa. Miaka yote ile hakujua kuwa ukuta wake ni mwekundu.

Akaja Mama Ngiri na wanawe wanne, wakaingia kinyumenyume kama ilivyo desturi yao.

Bi Nungunungu hakungoja kuulizwa. "Hapa palikuwa na ufa, dada. Nimeuziba. Masika ya kwanza paangalie."

Mama Ngiri akagusa ukuta kwa pua. "Wengine wangenyamaza."

"Nilinyamaza mara moja. Ilinitosha."

Wakaketi kupatana bei. Walipogeuka, watoto wote wanne walikuwa wamelala sakafuni, mmoja akikoroma.

Mama Ngiri akasema taratibu, asiwaamshe, "Hawa wamekwisha nunua. Taja bei yako."

Akalipa vikapu vitatu vya viazi, akamsindikiza mwenzake kuvibeba hadi kivukoni. Maji yalikuwa ya magoti tu. Fisi alibaki na boga lake. Na juma lile lile Bi Nungunungu akapakata mjukuu.

Ndipo watu husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiwa na kitu cha kuuza, kitengeneze kwanza, kisha useme kweli yake yote.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aende nayo kwake; asiyeipenda atuachie wenyewe.