Kishindo cha Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifagia nyua na kukoroga uji kama sisi, Digidigi aliishi kando ya chemchemi pamoja na mwanawe mchanga.

Siku moja akaja Nyati. Puh! Puh! Sufuria ya uji ikapinduka.

"Hamisha vyombo vyako," akasema Nyati. "Hapa nataka pa kugaagaa."

"Mbona hata hodi hukupiga, mzee wangu?"

"Mwenye nguvu hapigi hodi."

Digidigi aliogopa. Maji mengine yalikuwa ng'ambo ya mbuga, na mtoto alikuwa hajaweza hata kusimama. Akasema, "Basi tushindane mbio. Tuzunguke kile kilima cha mawe, turudi. Atakayetangulia kunywa, chemchemi ni yake."

Nyati akacheka mpaka kamasi zikamtoka. "Na hivyo vijiti vya meno unavyoviita miguu? Haya! Kanga, jirani yako, aamue."

"Ila naomba jambo moja, mzee," Digidigi akasema kwa unyenyekevu. "Kanyaga taratibu. Hatua fupi, mguu utue kwa upole. Ukichoka, ndipo uzidi kujiangalia. Wakubwa mkikanyaga kwa kishindo, sisi wadogo tunaishiwa nguvu."

Nyati akasimamisha masikio. "Kumbe! Basi leo utanisikia."

Digidigi akainama, akaficha uso.

"Kekekeke! Haya!" akalia Kanga.

Nyati akachomoka. Puh! Puh! Puh! Alirusha miguu mbele kabisa, akaiangusha kwa uzito wake wote. Digidigi akafuata, ti-ti-ti, kwato zikigusa tu udongo mkavu. Mpaka kilimani aliona vumbi tupu. Akamkumbuka mwanawe, moyo ukamwenda mbio kuliko miguu.

Walipokizunguka kilima, jua lilikuwa kali. Nyati akachoka. Miguu haikuinuka vizuri tena, ikawa inajiangukia kama magogo. PUH! PUH! Kishindo kikazidi, naye akafurahi.

"Unasikia?" akanguruma bila kugeuka.

"Nasikia, mzee wangu! Natetemeka!"

Lakini kila kishindo kilipanda kutoka kwatoni, kikafika gotini, kikaingia kiunoni. Maji yalipoanza kuonekana, magoti ya Nyati yakagoma. Akajaribu hatua moja, akajaribu nyingine, kisha pwaa! Akalala kifudifudi.

Ti-ti-ti. Digidigi akampita, akainamia maji, akanywa.

"Kekekeke! Chemchemi ni ya Digidigi!" Kanga akatangaza.

"Umeniroga!" akalia Nyati.

"Sijakuroga, mzee. Nilikwambia ukanyage taratibu, na ukichoka uzidi kujiangalia. Nilijua tu hutanisikiliza."

Akachota maji kwa kata, akampelekea pale alipolala. "Kunywa, upate nguvu za kwenda kwako. Na ukija tena, upige hodi."

Nyati akanywa, akajikongoja kwenda zake, akikanyaga polepole mno, hata mtoto wa Digidigi hakuamka.

Anayeipiga ardhi, ardhi nayo humpiga.