Kofi la Kisimani

Paukwa, enyi mliokaa!
— Pakawa, tumekaa.
Niitoe?
— Itoe.
Nifiche?
— Usifiche hata chembe.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema, palikuwa na nchi yenye kisima kimoja tu, na kisimani alikaa Fisi. Kila aliyekuja kuteka maji alizabwa kofi kwanza. Pa! Ndipo achote, aende zake.

Akaolewa huko Digidigi mmoja kutoka ng'ambo ya mlima, jina lake Mwatumu. Siku ya kwanza akaenda na mtungi wake. Pa! Sikio likavuma kama nyuki ndani ya kibuyu.

Akamuuliza Punda, "Shemeji, tumekosa nini?"

"Hatujakosa kitu. Ndivyo tulivyokuta."

Akamuuliza Ngiri.

"Ndivyo tulivyokuta. Na la leo lilikuwa jepesi, shukuru."

Akamuuliza Bibi Kanga.

"Ndivyo tulivyokuta, mwanangu. Ukilegeza shingo haliumi sana."

Mwatumu akajitwika mtungi, akaenda zake. Mwaka ukapita, na shingo yake nayo ikajua kulegea.

Akajaliwa mtoto. Mtoto akakua, akafika umri wa kubeba kata ya maji. Asubuhi moja Mwatumu akamkuta mama mkwe amemsimamisha mtoto uani, anamfundisha: "Funga macho, mjukuu wangu. Toa shavu. Hivyo hivyo." Na mtoto anatoa shavu huku anacheka, anadhani ni mchezo.

Mwatumu hakungoja kuona zaidi. Akatwaa mtungi, akatoka mbio.

Kisimani foleni ilikuwa ndefu. Zamu yake ikafika, Fisi akainua mkono. Mwatumu akakaza shingo, akauliza kwa sauti, "Kwa kosa gani?"

Fisi akacheka. Pa! Mwatumu hakuchota. Akarudi mwisho wa foleni.

Zamu ikafika tena. "Kwa kosa gani?" Pa! Akarudi tena mwisho. Wenzake wakanong'ona, "Huyu amerukwa na akili." Lakini macho hawakumwondolea.

Mara ya tatu mdomo ulikuwa unamtoka damu. Kabla hajaufungua, sauti nzito nyuma yake ikauliza, "Kwa kosa gani?"

Alikuwa Punda. Akafuata Ngiri. Akafuata Bibi Kanga. Mara foleni nzima inauliza, kwato zinagonga ardhi, vumbi linapanda!

Fisi akatazama huku, akatazama kule. Mkono uko juu, jibu hana. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, ya tatu akageuka na kutimua mbio, Punda akimsindikiza kwa mateke mpaka porini.

Mwatumu akateka maji, akaujaza mtungi. Kando yake Bibi Kanga alikuwa akilia. "Miaka yote ile," akasema, "na kumbe alikuwa mmoja tu."

Nanyi wanangu, uonevu ukikaa sana watu huuita desturi. Mkiukuta, uulizeni kosa.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia anirudishie, na muhogo wa kuchoma juu yake, maana nimesema mpaka njaa imeniuma.