Mlango Aliouchora Pimbi

"Mchoro huu ni wangu!"

"Ni wangu, Mwalimu! Nimeuchora kwa mkono wangu!"

"Mkono gani? Huo mfupi kuliko kidole changu cha mguu?"

"Huo huo!"

Nini? Mnasema nimeingia bila kubisha? Kweli, hao wawili wanagombana kwa kelele mpaka nimesahau adabu. Basi tuwaache hapo hapo, nitoke nje, niingie vizuri.

Hodi, wenye masikio!

(Nanyi semeni: Karibu, mwenye mdomo!)

Nimekuja na ngano. Niiweke wapi?

(Iweke katikati, tuione sote!)

Haya. Zamani, kando ya mto, palikuwa na shule ya kuchora nyumba. Mwalimu alikuwa Kiboko. Wanafunzi walikuwa wengi, na mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi, yule mnyama wa mawe, anayefanana na sungura aliyepunguzwa masikio. Mkia hana kabisa.

Wajenzi walikuwa mchwa. Kila mwaka, kabla ya masika, mchwa walijenga nyumba moja tu, ile iliyochorwa vizuri kuliko zote. Aliyechora alikaa humo. Lakini aliyechora ndiye aliyewalisha wajenzi, na mchwa, jamani, wanapenda nyasi kavu kama watoto wanavyopenda miwa.

Michoro ilichorwa kwa mkaa juu ya jani la mgomba. Jani lilikunjwa, likafungwa kwa kamba yenye mafundo. Kamba hiyo haikuwa ya kufungia tu. Mchoro ulisema nyumba ikoje, na mafundo ya kamba yalisema nyumba ni kubwa kiasi gani.

Pimbi alikuwa na mama mzee. Waliishi kwenye ufa wa jabali. Mvua ikinyesha, maji yalidondoka juu ya mgongo wa mama, ti! ti! ti! Mama alikohoa, kho! kho! Kisha akasema, "Si kitu, mwanangu. Usiku mmoja tu." Lakini masika si usiku mmoja.

Basi Pimbi akachora. Akachora nyumba ya duara yenye paa zuri. Kiboko akaja, pu! pu! pu! Akapiga mwayo, mwaaa!

"Takataka. Lete hapa nikatupe. Anza upya!"

Pimbi akarudi kwa mama. "Mama, hebu kaa tuone." Mama akakaa. Pimbi akaona kwamba katika nyumba yake ya duara hakuweka hata mahali pa kuegemea mgongo. Akachora ya pili, yenye benchi la udongo ukutani. Kiboko akaja, pu! pu! pu! Mwaaa!

"Takataka. Lete hapa nikatupe. Anza upya!"

Pimbi akarudi kwa mama. "Mama, hebu lala tuone." Mama akalala, akageuza uso kutafuta jua. Lo! Nyumba ya pili haikuwa na dirisha upande wa kitanda. Akachora ya tatu, na dirisha. Kiboko akaja, pu! pu! pu! Mwaaa! Mnajua alichosema.

(Takataka! Anza upya!)

Eeh. Sasa siku hiyo Pimbi aliishiwa mkaa. Akaenda kuomba kwa Kiboko. Hakumkuta, lakini alikuta ukuta. Ukutani palining'inia majani matatu. Paa lake. Benchi lake. Dirisha lake. Na juu ya kila jani, alama ya unyayo mkubwa wa Kiboko, pwa!

Pimbi akakimbia nyumbani, pua inapanda na kushuka.

"Mama! Mwalimu anaiba!"

"Anaiba nini?"

"Kazi yangu yote!"

Mama akakohoa, akafikiri. "Mwanangu, na ukishinda, mchwa tutawalisha nini? Sisi tuna nyasi kavu?"

"Hatuna."

"Nani anazo?"

"Kiboko. Bonde zima ni lake."

Wakatazamana. Pimbi akaanza kucheka, kikikiki! Mama naye akacheka mpaka kikohozi kikamwacha.

"Lala chini, Mama," Pimbi akasema. "Nyoosha miguu. Usipumue kwa kujivuna, upumue kama kawaida." Akampima mama kwa kamba, fundo, fundo, fundo. Akampima akiwa amesimama na mzigo wa majani kichwani, hicho ndicho kikawa kipimo cha mlango. Kisha akachora nyumba ya nne, yenye paa, benchi na dirisha, kila kitu mahali pake. Na mlangoni akamchora Kiboko mwenyewe anaingia, kifua mbele, anacheka meno yote nje.

Siku ya kupeleka michoro, wanyama walijaa. Pimbi akapita mbele ya Kiboko na jani kwapani, anaimba:

"Hiki ni changu, sitaki kionekane!
Hiki ni kizuri, Mwalimu asikione!"

Kiboko akalinyakua, nyaku! Akachungulia ndani ya jani. Akajiona anaingia mlangoni, anapendeza. Moyo ukayeyuka kama mafuta.

"Mchoro huu ni wangu!"

"Ni wangu, Mwalimu!"

Sasa mmefika pale tulipowaacha. Waligombana mpaka Nyapara wa mchwa akaja, mdudu mmoja mkavu asiyecheka.

"Huu ndio mzuri kuliko yote. Nani mwenye mchoro?"

Pimbi akainamisha kichwa. "Basi ni wa Mwalimu. Lakini aseme kwa sauti, wote wasikie."

"Ni wangu!" Kiboko akanguruma.

"Na kamba?" Pimbi akauliza.

"Na kamba!"

"Na wajenzi utawalisha?"

Kiboko akawatazama mchwa chini kule, wadogo kama punje. Akaangua kicheko. "Hawa? Watakula nini hawa? Nitawalisha mpaka wavimbiwe!"

"Vema," akasema Nyapara. "Tunajenga kilichochorwa. Tunajenga kilichopimwa."

Wakaanza. Kru! kru! kru! Kiboko akakata nyasi, kwachu! kwachu! Akazianika, akazibeba, akazimwaga.

"Mmeshiba?"

"Bado!"

Akakata tena, kwachu! kwachu! Akaanika, akabeba, akamwaga.

"Mmeshiba?"

(Bado!)

Akaenda bonde la mbali. Hata kwenda kuitazama nyumba hakupata nafasi, na mchwa nao walikuwa wameifunika kwa majani makavu. Kiboko akakonda. Mkia wake, alisema, ulimwuma kuliko mgongo.

Nyumba ikaisha. Majani yakaondolewa, fyaa! Wanyama wote wakasema, "Aaa!" Nyumba nzuri, laini, ya duara. Kisha wakatazama mlango. Kisha wakamtazama Kiboko. Kisha wakatazama mlango tena.

"Mwenye mchoro aeleze nyumba yake," akasema Nyapara. "Dirisha lile dogo ni la nini?"

Kiboko akalichungulia. "La... la kupitisha samaki."

"Benchi?"

"La samaki kupumzika."

Pimbi hakuweza kuvumilia. "Dirisha ni la jua la asubuhi! Linaingia, linamgusa Mama mgongoni kabla hajaamka. Na benchi ni la kuegemea, akimaliza kuota jua."

"Aliyechora huijua nyumba yake," akasema Nyapara. "Na nyumba ni ya anayeingia. Mwalimu, ingia."

Kiboko akaingiza pua. Tundu moja la pua. La pili likakataa. Akageuka, akajaribu kwa nyuma. Ule mkia tu ndio uliolala ndani, dakika moja, ukatoka. Wanyama walicheka mpaka Nyapara, mdudu mkavu yule, akafanya "kru."

Mama Pimbi akajitwika mzigo wake wa majani. Akaingia bila kuinama.

Funzo la ngano hii, watoto, ni hili: mwalimu akikunyang'anya kazi, usilie. Mwachie, tena mshukuru sana, maana ana moyo mwema na nyasi nyingi.

Ngano yangu imekwisha. Fungeni mlango!

(Hatuwezi, kuna mtu!)

Nani?

(Kiboko!)

Kumbe. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, na matone ya kwanza yalianza kumwangukia kichwani, ti! ti! ti! Akainama, akaleta mdomo karibu na ule mlango mdogo, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Hodi."

Na Mama Pimbi, mwenye adabu zake, akajibu kutoka kitandani:

"Karibu, Mwalimu, karibu ndani! Nyumba ni yako!"