Bi Pimbi na Ligi ya Majabalini

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyie mmekula kweli? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na ligi mbili za mpira. Ligi ya Bondeni ilikuwa ya wakubwa: nyati, nyumbu, pundamilia. Uwanja wao mpana, nyasi tele, watazamaji mpaka juu ya miti. Ligi ya Majabalini ilikuwa ya wadogo: pimbi, digidigi, nguchiro, kanga. Uwanja wao finyu, umejaa vijiwe, mpira ukidunda hujui utaelekea wapi. Lakini waliupenda. Mechi ikiisha, walioshinda na walioshindwa walipanda jabali moja, wakaota jua na kutaniana. Msimamizi wao alikuwa Bi Pimbi.

Mwaka mmoja kiangazi kikashika. Majabalini halikubaki hata jani. Ndipo akaja Bwana Nyati, mkubwa wa Ligi ya Bondeni. Tifu! Tifu! Tifu!

"Hodi, Bi Pimbi!"

"Karibu, Bwana Nyati."

"Tushirikiane. Timu zenu zije zicheze kwetu. Mkimaliza, mle mshibe. Ila mchezaji wenu atakayeng'ara, huyo atabaki kwetu."

Bi Pimbi alitaka kusema, nanyi mje mcheze kwetu. Alitaka kusema, mchezaji ni mtoto wetu, haachwi hivi hivi. Neno likamfika kooni. Nyuma yake wenzake wananong'ona, "Kubali, mama, kubali, tunakufa njaa!" Tumbo lake mwenyewe likanguruma, ngrrr! Akalimeza lile neno.

"Tumekubali," akasema.

Basi wakaenda. Pu! Wavuni. Pu! Wavuni tena. Walikwenda, wakafungwa, wakala, wakarudi.

Siku moja Digidigi akawachenga nyati, huyu, na yule, na yule, akafunga. Bonde zima likalipuka kwa shangwe. Digidigi akabaki. Bi Pimbi ndiye aliyemfundisha kupiga mpira. Kisha Kanga, kipa wao, akadaka mikwaju mpaka nyumbu wakashika vichwa. Kanga naye akabaki. Kisha Nguchiro.

Waliosalia walikwenda, wakafungwa, wakala, wakarudi. Uwanja wa Majabalini ukaota miiba. Hakuna aliyepanda jabali kuota jua.

Mvua ikanyesha. Bwana Nyati akaja tena. Tifu! Tifu! Tifu!

"Bi Pimbi, timu zenu siku hizi hazichezi. Watazamaji wanapiga miayo. Ushirika umekwisha."

"Basi turudishieni wachezaji wetu."

"Wenu? Hao ni wa Bondeni." Akageuka, akaenda zake.

Bi Pimbi akashuka bondeni mwenyewe. Akamkuta Digidigi amenona, manyoya yanang'aa.

"Mwanangu, twende nyumbani."

Digidigi akainamisha kichwa. "Nirudi nicheze na nani, mama?"

Bi Pimbi akageuka. Alirudi peke yake akilia, wala hakujificha. Alipofika uwanjani akashika mwiba, akang'oa. Ng'o! Akashika mwingine. Ng'o!

Sasa nisikilizeni, watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmelala. Mdogo anaweza kushirikiana na mkubwa, na mambo yakaenda vizuri tu. Ila siku ya kupatana aseme lake, hata kama tumbo linanguruma.

Hadithi yangu inaishia hapo, na Bi Pimbi bado anang'oa.