Jicho la Kwanza la Mama Pweza

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Pakawa na bahari, na ndani yake viumbe tele, na asionekane hata mmoja anayeona. Ndiyo, Mwanakhamisi, hata mmoja. Usinikatize.

Hapo zamani za kale, viumbe wa baharini waliishi kwa kupapasana. Ukitaka kujua nani kaja, unampapasa. Mgeni akiingia, anapiga hodi, ananyoosha mikono, anapapaswa. Akitoka, anapapaswa mikono tena, ijulikane kwamba hakuondoka na kitu cha watu. Lakini mikono tu. Kumpapasa mtu tumbo ilikuwa ni kukosa adabu.

Basi Mama Pweza akazaa. Akayatundika mayai yake kwenye dari ya pango, vichala vitatu. Na pweza huzaa mara moja tu maishani mwake. Akiyapoteza hayo basi tena, hana mengine. Akakaa hapo, hali kitu, hatoki, anayapulizia maji safi asubuhi na jioni.

Somo yake, msiri wake Bi Kaa, akaja kumlea, maana mzazi haachwi peke yake.

"Hodi!"

"Karibu, somo yangu."

Akapapaswa mikono, akakaa kitako mkekani.

"Lala, somo," akasema Bi Kaa. "Umechoka. Nitayapulizia mimi."

Mama Pweza akalala. Alipoamka akapapasa dari. Kichala kimoja hakipo!

"Uwiii! Wanangu! Wanangu mie!"

"Mungu wangu!" Bi Kaa akapiga yowe kumshinda mwenye mayai. "Nilisinzia kidogo tu, somo! Nipapase! Nipapase mikono!"

Akampapasa. Mikono mitupu. Wakakumbatiana, wakalia pamoja.

Mama Pweza alilia huku akijisugua kichwani, pale pale, pale pale. Akasugua mpaka ngozi ikawa nyembamba, ikafanya doa jeusi. Na kwenye doa lile akahisi kitu kigeni. Mwanga! Hakuwa anaona, la. Alijua tu kwamba sasa kuna mwanga, sasa kuna giza.

Siku ya pili akalala usingizi wa mang'amung'amu. Ghafla doa likaingia giza. Kivuli kikapita, mwanga ukarudi. Akaruka, akapapasa dari. Kichala cha pili hakipo!

"Somo! Nimehisi kivuli!"

"Umehisi nini?" Bi Kaa alishtuka mpaka magando yakagongana. "Kwa kitu gani?"

"Kwa ngozi! Kimepita juu yangu!"

Bi Kaa akayakunja magando yake. Kisha akasema, "Atakuwa Jongoo huyo. Nani mwingine anajilaza mlangoni kwako kutwa kucha, hasemi na mtu?"

Jongoo Bahari alikuwa jirani yao, mnene, mpole, kazi yake kula mchanga. Hana hata mikono ya kupapaswa. Looo! Bahari nzima ilimwendea. Wakampiga kwa magamba, wakampiga kwa mikia, wala hakuna aliyemuuliza neno. Mama Pweza naye alipiga. Alipiga kwa mikono yote minane.

"Jamani, mimi sikula!" Jongoo akalia. "Wallahi sikula! Hamniamini? Haya, pekueni!"

Nisikilizeni vizuri hapa. Jongoo akayatapika matumbo yake. Yote! Akayamwaga mbele yao, na wao, bila haya, wakainama wakayapapasa. Mchanga. Mchanga mtupu, hata ganda la yai hakuna.

Mnadhani waliomba radhi? Thubutu! "Ameshayasaga," akasema Bi Kaa, na watu wakaenda zao makwao. Mimi kila nikifika hapa mwili hunisisimka. Mtu ametoa matumbo yake, jamani, na bado haaminiwi!

Mama Pweza akarudi pangoni. Akayalilia mayai, akayalilia na matumbo yale. Akajisugua pale pale, akajikandamiza, mpaka doa likabonyea likawa kama kikombe. Sasa mwanga ukitoka kulia anajua ni kulia, ukitoka kushoto anajua ni kushoto.

Siku ya tatu kivuli kikaja tena. Lakini hakikutoka mlangoni alikolala Jongoo. Kilitoka ndani, upande wa mkeka, alikokaa Bi Kaa! Mama Pweza akajitikisa, kivuli kikarudi nyuma upesi.

"Vipi, somo, usingizi hauji?"

"Nimeota tu," akajibu Mama Pweza.

Hakuthubutu kumdhania. Somo yake! Aliyelia naye! Akajiona mbaya kwa kuwaza hivyo, akajigeuza ukutani akalia kimya kimya. Machozi yakajaa kwenye kile kishimo, na ngozi nyembamba ikajifunga juu yake, chozi likabaki ndani. Likatulia humo, safi kabisa. Kivuli kikapita tena. Mama Pweza akageuza kichwa.

Akaona!

Kitu cha kwanza alichokiona maishani mwake kilikuwa ni Bi Kaa, amesimama chini ya kichala cha mwisho. Gando moja limeshika mayai, la pili limefunua kifuniko cha tumbo, tayari kuyaficha. Na chini ya ukingo wa gamba, vitu viwili vyeusi vinang'aa, vinamtazama.

"Unaona!" Mama Pweza akapiga kelele. "Siku zote wewe ulikuwa unaona! Ulinitazama nikilia! Ulinitazama nikimpiga Jongoo!"

"Una... unaniona?" Bi Kaa aliduwaa, macho yakamtoka pima. Akaachia mayai. Akajaribu kuyarudisha macho ndani ya gamba, hayarudi. Yakabaki nje, juu ya vijiti, na mpaka leo yako hapo. Akatoka mbio upande upande, na tangu siku hiyo pweza akimkuta kaa hana salamu naye, anamla.

Kichala kimoja kikapona. Lakini Mama Pweza hakufurahi. Akachungulia mlangoni, akamwona Jongoo amelala pale pale, matumbo mapya yanaanza kumuota.

"Jirani, nisamehe," akasema. "Njoo nikufundishe kujisugua, nawe upate jicho."

Jongoo akasema, "Siku ile, katika mikono yote iliyonipiga, sikujua yako ni ipi. Ndiyo maana bado nalala mlangoni kwako. Nikipata macho nitawajua wote, Mama Pweza. Halafu nitaishi na nani?"

Mama Pweza akarudi ndani kwenye kichala chake. Mayai yakaanguliwa, watoto wakatoka na macho tayari, na walichokiona kwanza ni mama yao analia, wala hawakujua analilia nini.

Basi nyinyi mlio na macho mawili mawili, msimnyanyulie mtu mkono kwa kuwa mwenzenu kasema. Angalieni kwanza wenyewe. Jicho la Mama Pweza lilikuja, ndiyo, lakini kwa Jongoo lilichelewa.

Ngano yangu imekwama mchangani, haisogei tena. Ikiwakaa moyoni, ni yenu. Isipowakaa, irudisheni baharini. Na mnipishe, nina chungu jikoni.