Simile Isiyomfikia Sultani

Mniwie radhi, maana hekaya hii nitaisimulia vibaya: waungwana huanza kwa utulivu, nami miguu inaniwasha hata sentensi zangu zinakimbia.

Alikuwako Sultani Shamsudahari, mtawala wa mji wa Kandarini, na mji huo ulikuwa na majumba ya marijani na barabara kuu moja tu, na humo walipita farasi, punda, mikokoteni, vipofu na wajawazito, wote wakisukumana kama kumbikumbi mbele ya taa. Na sheria ilikuwa hii: apazaye "Simile!", yaani nipisheni, ametimiza wajibu wake, na atakayegongwa baada ya hapo ndiye mkosaji.

Basi farasi wa Waziri Jabali akamgonga Mwanatumu, mshona kofia, ambaye surua ya utotoni ilimwondolea usikivu ikamwachia ulimi mkali kama wembe. Mguu ukavunjika, na kadhi akahukumu kwamba, kwa kuwa Waziri alipaza simile, kosa ni la Mwanatumu, na Ijumaa baada ya sala atolewe mjini, asirudi abadan.

Mchumba wake, Shekue mwashi, hakutulia. Alishika nyundo akaitupa, akaiokota tena, na kwa hasira aking'oa jiwe la barabara, akakuta pete chini yake. Alipoifuta vumbi, akatoka jini, kichwa sawa na minara.

"Labeka, bwana wangu! Nikutandikie barabara ya dhahabu?"

"Dhahabu inateleza, ewe! Mzibe Sultani masikio, Ijumaa, mpaka afike msikitini."

"Hilo tu? Mimi nimehamisha milima!"

"Na mimi nina mchumba mmoja. Nenda!"

Na desturi ya Sultani ilikuwa kwenda sala ya Ijumaa kwa miguu, kwa unyenyekevu. Na Waziri, aliyechelewa kwa kupaka ndevu mafuta, akaja nyuma yake mbio juu ya farasi, akipaza, "Simile! Simile!" Watu wakaruka huku na huku, na Sultani akaendelea kutembea, akitabasamu kwa jinsi mji wake ulivyotulia, mpaka farasi akamrusha ndani ya sufuria la halua.

Baada ya sala baraza likakaa. Kadhi akasema: "Maulana, Waziri alipaza simile. Kwa sheria, wa kutolewa mjini ni wewe."

"Lakini sikusikia!"

Mwanatumu, aliyeletwa kwa machela, akaisoma midomo yake. "Na mimi je, Maulana?"

Sultani, halua ndevuni, akaifuta hukumu na sheria pamoja. Na Shekue akapewa mawe na mafundi, akainua njia ya waendao kwa miguu, akaiwekea miteremko viwete wapande, akachonga mifuo ukutani vipofu waifuate kwa mkono, na barabara akaipinda mara saba, farasi asipate pa kutimkia. Akamwoa Mwanatumu, wakajaliwa mali na raha. Na funzo lake: mjenga barabara na amfikirie asiyeweza kuruka.

Njia ile ingalipo, nzuri ajabu, ila leo vipofu na wajawazito wanateremka tena kati ya farasi, kwa kuwa pana mtu ameweka juu yake kiti, meza na birika la kahawa, anaandika hekaya. Jamani, msinitukane, nimebakiza mstari huu mmoja tu.